Tone Chini ya Gari: Namna ya Kulisoma

Asubuhi moja ya msimu wa machungwa, pikapu moja iliegeshwa chini ya mwembe, mbele ya ofisi ninakofanya kazi hapa Kwale. Mwenyewe ni mkulima wa upande wa Msulwa, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliokuja kupewa mashamba Shimba Hills katika miaka ya 1950. Alikuwa amepakia magunia mpaka springi zimelala, na safari yake ilikuwa ya soko la Kongowea, Mombasa. Aliingia kuuliza habari za miche, nami nikatoka naye kumwonyesha tangazo lililobandikwa nje. Tulipopita kando ya gari niliona doa bichi upande wa ndani wa gurudumu la nyuma, mkono wa kushoto. Halikuwa doa kubwa. Lilikuwa sawa na kisahani cha kahawa.

"Mzee, gari lako latoa nini hapa?"

"Ni maji tu, Karani. Maji ya kiyoyozi."

Nikachungulia ndani. Pikapu ile haikupata kuwa na kiyoyozi tangu ilipotoka kiwandani. Upepo wake ni madirisha mawili, na moja halishuki.

Niliinama nikaligusa doa kwa kidole. Maji hukauka kidoleni upesi, haya hayakukauka. Yalikuwa yateleza, rangi yake ya manjano iliyofifia, na tairi lilikuwa limelowa upande wa ndani tangu katikati mpaka chini. Nikamwuliza ameongeza mafuta ya breki mara ngapi mwezi ule. Akasema, "Kila Jumamosi, lakini kidogo tu."

Wenyeji wote waijua barabara inayoteremka kutoka Kwale mjini mpaka Kombani, pale inapokutana na barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga. Na katika safari ya Kongowea kwa njia ya feri kuna mteremko mwingine, ule wa kushukia chomboni, ambako watu wa miguu hujaa mbele ya magari na vikapu vyao na watoto wao. Mzee alikasirika nilipomwambia asiondoke. Alisema mnunuzi anamngoja, na kwamba gari limemfikisha salama. "Mteremko wenyewe bado, mzee," nikamjibu. Tulibishana kwa muda mrefu, na watu wawili watatu waliokuwa wakingoja barazani wakaingia katika ubishi, kama ilivyo desturi yetu. Mwishowe magunia yalihamishiwa gari la jirani aliyekuwa akishuka Likoni, na fundi akaitwa kutoka mjini. Aliyoyaona fundi nitayaeleza mbele.

Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, na kazi yangu sasa ni ya karani. Lakini wakulima wengi siku hizi wana pikapu, matrekta na magari ya zamani waliyoyanunua kwa jasho la korosho na nazi, na wengi wao nimewaona wakifanya kosa moja: gari likidondosha, huongeza. Oili ikipungua huongeza oili, maji yakipungua huongeza maji, wala hawaulizi yanakwenda wapi. Kwa hiyo nimewauliza mafundi wa Ukunda na Msambweni, nikakaa nao wakifanya kazi, na haya ndiyo niliyojifunza kwao.

Jambo la kwanza, ardhi yetu huficha ushahidi. Mchanga wa Diani na Msambweni hunywa tone mara moja lisionekane, na udongo mwekundu wa huku juu hupoteza rangi yake. Basi chukua katoni safi, uipasue iwe bapa, uiweke chini ya gari jioni. Gari na lisimame mahali tambarare, nawe weka jiwe kila pembe ya katoni upepo usiichukue. Kwa kalamu andika upande wa mbele na upande wa nyuma, tena weka alama mahali yalipo magurudumu manne. Asubuhi vuta katoni uisome. Matone yatakuonyesha rangi yake, na mahali yalipoanguka.

Tone jeusi au la kahawia, lenye kuteleza, lililoanguka chini ya injini, ni oili ya injini. Ikiwa oili imebadilishwa juzi, rangi yake yaweza kuwa kama asali. Tone zito lenye harufu kali kama ya kiberiti, lililoanguka katikati ya gari au chini ya ekseli ya nyuma, ni oili ya gia au ya difu. Tone jekundu, kwa kawaida, ni mafuta ya usukani au ya gia boksi isiyo na klachi. Tone la kijani, la waridi au la rangi ya chungwa, lisiloteleza sana na lenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa iitwayo kulanti. Petroli na dizeli hujulikana kwa harufu. Petroli hukauka upesi ikaacha alama hafifu, dizeli hubaki na ukungu wa mafuta.

Maji matupu, safi, yasiyo na rangi wala harufu, yanayodondoka upande wa mbele baada ya safari yenye kiyoyozi, hayana neno. Ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye bomba baridi, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo usishangae ukiona hata kidimbwi. Lakini uwe na hakika kwanza kwamba gari lina kiyoyozi!

Mafuta ya breki ndiyo yanayowapumbaza watu, kwa sababu hayana rangi ya kutisha. Yakiwa mapya ni meupe au ya manjano kidogo, yakizeeka huwa ya kahawia. Kuna njia rahisi ya kuyatambua. Dondosha tone katika gilasi ya maji. Oili huelea juu, lakini mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji yakapotea. Baadaye osha mikono yako, usiyaache yakagusa rangi ya gari kwa maana huibabua, na gilasi ile isirudi jikoni. Mahali yanapoonekana ni pachache: upande wa ndani wa magurudumu, kando ya mabomba membamba yanayopita chini ya chesisi, na chini ya masta silinda iliyo mbele ya miguu ya dereva. Ukiyaona mahali hapo, safari imekwisha. Oili ya injini ikivuja kidogo yaweza kungoja mpaka Jumamosi. Mafuta ya breki hayangoji.

Sababu yake ni hii. Unapokanyaga pedali, nguvu ya mguu wako husukuma mafuta ndani ya bomba mpaka kwenye gurudumu. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu hufika. Yakipungua, hewa huingia mahali pake, na hewa hubonyea. Pedali hushuka mpaka sakafuni na gari haliitiki. Katika magari mengi ya sasa masta silinda imegawanywa sehemu mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki na breki, ijapokuwa dhaifu. Lakini Land Rover nyingi za zamani, zile ambazo baadhi yetu bado twazithamini kama ng'ombe, zina njia moja tu. Likipasuka bomba moja, magurudumu yote manne yamekosa breki.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Fundi alipofungua drami ya gurudumu lile alikuta mpira wa silinda ndogo umelegea na lainingi zimelowa chepechepe. Hilo alilitarajia. Kisha akafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti, akanyamaza. Mpira ulio ndani ya kifuniko ulikuwa umevimba kama mkate uliolowekwa katika chai. "Mzee, uliongeza nini?" Mzee akafikiri, akasema kuwa wiki mbili nyuma chupa ya dukani ilikuwa imekwisha, basi akatia oili kidogo iliyobaki ya mashine ya kusaga. "Si yote ni mafuta?" akauliza.

Si yote. Mipira ya breki imetengenezwa kwa ajili ya mafuta yake peke yake, na oili ya injini huivimbisha na kuilainisha mpaka haina kazi. Kovuja kulikokuwa kwa gurudumu moja kukawa ugonjwa wa gari zima. Ilibidi mipira yote ibadilishwe, tangu masta silinda mpaka magurudumu manne, na mabomba yaoshwe. Gari lilikaa gereji siku sita. Kama angalishughulikia tone la kwanza, angalinunua mpira wa silinda moja na lainingi za gurudumu moja, akarudi nyumbani jioni ile ile.

Soma kifuniko cha chupa iliyo garini. Mara nyingi kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Nunua kilichoandikwa hapo. Usitumie chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa ghalani, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yenye unyevu huchemka breki zikipata moto mteremkoni. Na jambo jingine la haki lazima niliseme: mafuta ya breki hupungua polepole sana hata pasipo kuvuja, kadiri pedi na lainingi zinavyolika. Lakini hayo ni mambo ya miezi mingi. Kuongeza kila Jumamosi si kulika kwa pedi.

Baada ya mpira au bomba kubadilishwa ni lazima hewa itolewe. Kazi hii yahitaji watu wawili. Kwa kawaida huanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu mengi ni la nyuma kushoto. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine hulegeza kijiskrubu kilicho nyuma ya gurudumu, mafuta yatoke pamoja na mapovu kupitia mpira mwembamba uliotumbukizwa katika chupa, kisha hukikaza kabla mwenzake hajainua mguu. Warudie hivyo mpaka mapovu yaishe, huku wakiangalia chupa ya juu isikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Ikiwa hujapata kufanya kazi hii, simama kando ya fundi umtazame mara ya kwanza. Kisha gari lijaribiwe polepole mahali tambarare pasipo watu, likiwa tupu, kabla ya kupakiwa hata gunia moja. Na wala usikubali fundi akuzibie bomba la breki kwa kulikunja na kulipiga nyundo, ati ufike nalo nyumbani.

Nimelieleza jambo la breki kwa urefu. Oili ni rahisi zaidi, ila yahitaji subira, kwa sababu mahali inapodondoka sipo inapotokea. Upepo wa mwendo huisukuma nyuma, na uzito wake huishusha chini. Gasketi ya juu ya injini ikivuja, tone litaanguka kwenye sampu, na mtu atabadilisha gasketi ya sampu bure. Nimeona hivyo mara mbili. Tafuta mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Kama injini imepakwa uchafu wa miaka kumi, huwezi kupaona. Ioshe kwanza ikiwa baridi, kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, uipanguse ikauke kabisa, usilowanishe nyaya. Kisha nyunyiza unga wa muhogo au jivu jepesi mahali unapopashuku. Endesha mwendo mfupi, uzime, utazame. Unga mkavu utakuwa mweupe, na mahali pa kuvuja patachora mstari mweusi. Mke wangu hakupendezwa na matumizi haya ya unga, kwa hiyo mimi hutumia jivu.

Mara nyingi kosa ni dogo. Bolti ya kumwagia oili imefungwa pasipo washa yake, au washa ya zamani imetumika mara nyingi hata imekuwa kama karatasi. Nunua mpya, ikaze kwa kiasi. Ukikaza kwa ghadhabu utakata meno ya sampu, hasa ikiwa ya aluminiamu. Au filta mpya imefungwa huku pete ya mpira ya ile ya zamani imebaki imeganda injinini. Pete mbili hazikubaliani, na oili itaruka injini ikiwashwa. Au oili imejazwa kupita alama ya kijiti. Oili nyingi kupita kiasi si ukarimu kwa injini.

Liko na jambo ambalo mafundi wazuri hulitazama kwanza na wengine hulisahau. Injini hupumua kwa mpira wake, na hata difu ina kitundu chake cha kupumulia juu ya ekseli. Gari la shamba hupita matopeni, kitundu kikaziba. Difu ikipata moto hewa iliyo ndani hupanuka, haina pa kutokea, basi husukuma oili ipite kwenye sili za ekseli mpaka kwenye lainingi za breki. Mwenye gari hununua sili, na baada ya mwezi inavuja tena, humlaumu mwuza duka. Kabla ya kununua sili, zibua kitundu.

Upande wa rejeta, adui wetu ni maji yenyewe. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvichumvi, na maji yanayotoka katika miamba ya matumbawe huwa na chokaa. Chumvi hula rejeta, chokaa huziba njia zake. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga vizuri, uyachanganye na kulanti kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Mpira ukivuja kwenye klipu, kaza klipu. Ukiwa umepasuka au umekuwa laini kama ndizi mbivu, badilisha. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, hata kwa kitambaa, kwa sababu maji ya ndani hukaa kwa nguvu yakiwa na joto kupita la kuchemka, na yatakurukia usoni. Tena kulanti nyingi ni sumu, na utamu wake huvuta wanyama. Mbuzi, mbwa na kuku wataiendea. Kidimbwi chake kifukiwe kwa mchanga, kisha mchanga huo uondolewe mahali wanaposhinda.

Petroli ikivuja, zima kila kitu, usivute sigara, usimulike kwa taa ya moto. Ufa mdogo wa tangi waweza kuzibwa kwa kusugua sabuni ya mche, kwa maana petroli haiyeyushi sabuni. Lakini hiyo ni ya kukufikisha gereji tu. Tangi lisichomelewe kabla ya kusafishwa na kuondolewa mvuke wote. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Karibu nisahau kusema habari ya kuingia chini ya gari, na hilo ndilo laweza kuua hata kabla breki hazijakosa kazi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Katika mchanga huzama upande mmoja. Weka ubao mpana chini yake. Gari likisha inuka, liweke juu ya stendi za chuma au magogo mazima ya mti mgumu yaliyopangwa msalaba, na magurudumu yaliyo chini uyazuie kwa mawe mbele na nyuma. Na tafadhali, usitumie matofali ya matumbawe. Yapo kila kiwanja huku kwetu na yaonekana imara, na kweli nyumba husimama juu yake, kwa sababu ukutani uzito hugawanyika. Ekseli huweka uzito wote mahali pamoja, na tofali la matumbawe hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Tofali la saruji lenye matundu ni hivyo hivyo. Kabla hujaingia, lisukume gari kwa nguvu, likitikisika, usiingie.

Wenye magari ya kubeba samaki kutoka Shimoni, Gazi na Msambweni wana shida yao ya pekee. Maji ya chumvi hudondoka kutoka kwenye masanduku, yakaingia katika chesisi, na hewa ya bahari huongeza. Mabomba ya breki ya chuma huoza kwa nje pasipo kuonekana, hasa yanaposhikwa na vibanio. Kila baada ya safari osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila baada ya miezi michache pitisha kidole juu ya mabomba hayo. Ukiona magamba ya kutu, badilisha kabla hayajatoboka. Yako mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli yasiyoshikwa na kutu. Bei yake imezidi, lakini kwa gari la samaki yafaa.

Oili chafu usiimwage chini ya mnazi, wala karibu na kisima. Mchanga wetu hauchuji kitu, na visima vya Tiwi na Msambweni si virefu. Itie katika debe lenye kifuniko, uipeleke gereji wanakopokea.

Yule mzee alirudi ofisini mwezi uliofuata, siku ya kuchukua miche yake. Kabla ya kuuliza miche alitoa katoni iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza yangu, juu ya faili zangu. Ilikuwa na alama nne za magurudumu, imeandikwa MBELE na NYUMA kwa herufi kubwa. Upande wa magurudumu yote palikuwa pakavu. Katikati ya upande wa mbele palikuwa na tone moja jeusi.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Nisomee."

Tulitoka wote wawili kwenda kutazama bolti ya sampu.